Bakshishi Ukiwa Nje ya Nchi: Je, Itamfikia Uliyemkusudia?

Agosti, shule zilipofungwa, walimu sita kutoka Wote walienda kupanda Kilimanjaro. Mmoja wao ni mteja wetu, na hadithi hii tuliisikia alipopita kwa wakala akiwa na swali. Walikuwa wameweka akiba ya safari kwenye chama chao kwa karibu miaka miwili. Walishika matatu hadi Emali, wakapitia Loitokitok, wakavuka mpaka Tarakea, na baada ya siku sita wakashuka upande wa Marangu wakiwa wamechoka, midomo imepasuka kwa baridi, lakini wote sita wakiwa wamefika kileleni, mita 5,895.

Pale getini timu iliyowabebea mizigo iliwaimbia na kuwapigia makofi. Wimbo ulipoisha, watu wakabaki wamesimama. Hapo ndipo walimu wetu walipokumbuka bakshishi. Shilingi za Tanzania zilikuwa zimeisha, ila kila mmoja alikuwa na kitu kidogo kwenye simu. Wakachanga haraka haraka, mmoja akakusanya zote na kuzituma kwa namba ya kiongozi mkuu kwa sababu ndiye aliyekuwa na simu mkononi. Wakaagana.

Walipokuwa wakipanda gari, kijana aliyembebea mteja wetu begi siku zote sita akamsogelea na kumuuliza kwa upole, "Samahani mwalimu, sisi wagumu mmetuachia ngapi?" Akashindwa kumjibu. Walichanga bila kugawa, na hakujua nani angepata nini. Ndiyo maana alikuja kutuuliza: je, kuna namna ya kuona kwenye simu kama ile pesa iligawanywa?

Hakuna. Ujumbe wa muamala unaonyesha jina moja, kiasi kimoja na saa. Kinachotendeka baada ya hapo simu haikioni. Huenda kiongozi aligawa sawasawa siku hiyo hiyo, na hatuna sababu ya kusema vinginevyo. Lakini swali la mwalimu lilitufanya tuandike makala hii. Wateja wetu wengi wa Wote na Makueni yote siku hizi wanasafiri, wengine Arusha na Zanzibar, wengine Kampala, wengine wanaenda kuwaona watoto wao Marekani, na bakshishi ni mahali ambapo mtu mwenye nia nzuri anaweza kuharibu bila kujua.

Tumezoea nini nyumbani

Tuanze hapa Wote, maana mazoea ya nyumbani ndiyo tunayosafiri nayo. Ukinywa chai na chapati kwenye hoteli ya kawaida karibu na soko, hakuna anayengojea bakshishi. Bili ikiwa 180 na umetoa 200, unasema "kaa na hiyo" na maisha yanaendelea. Fundi aliyekuja kurekebisha stima unampa ya soda. Kwenye hoteli kubwa kidogo, wakati wa semina au harusi, watu humwachia mhudumu 100 au 200, na wengine hawaachi kitu na hakuna anayewasema.

Kwenye risiti za hoteli kubwa utaona ushuru wa VAT wa asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Tunaitaja kwa sababu tumesikia watu wakisema, "Mimi nishalipa ya weita, iko kwa risiti." Hizo zote mbili ni pesa za serikali, mhudumu hazimfikii. Hoteli nyingine huongeza ada ya huduma. Hiyo angalau inahusiana na wafanyakazi, na ukiiona una haki ya kuuliza kama inawafikia.

Kwa ufupi, kwetu bakshishi ni hisani: ukitoa ni vizuri, usipotoa si kosa. Ukivuka mpaka ukiwa na fikira hiyo hiyo utakuwa sawa kwenye mgahawa wa Arusha au Mwanza, ambako desturi haiko mbali na yetu. Mlimani utakuwa umekosea.

Mlima una hesabu yake

Kwenye Kilimanjaro bakshishi ni sehemu ya mapato ambayo wapagazi, wanaojiita wagumu, huitegemea kabisa. Mtu anabeba mzigo wa hadi kilo 20, anawatangulia kambini ili mkute hema limesimama, na ujira wake wa siku peke yake mara nyingi haumtoshi. Kampuni, viongozi, wapishi na wapagazi wenyewe wote wanajua kwamba siku ya mwisho kuna bakshishi. Asiyejua mara nyingi ni mgeni, na mgeni wa Afrika Mashariki zaidi, kwa sababu sisi tunaenda tukidhani mambo haya ni ya wazungu.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Kundi la watu sita linaweza kuwa na kiongozi mkuu, wasaidizi wake wawili, mpishi na wagumu 16. Tuseme mmeamua kila mgumu apate shilingi 20,000 za Tanzania kwa siku. Kwa siku sita hiyo ni 120,000 kwa mtu, na kwa watu 16 ni 1,920,000. Ukichukulia shilingi moja ya Kenya kuwa kama 20 za Tanzania (kiwango hupanda na kushuka, angalia siku yako), mnazungumzia shilingi 96,000 za Kenya, yaani 16,000 kwa kila msafiri, na bado hamjamgusa kiongozi wala mpishi, ambao desturi ni kuwapa zaidi ya mpagazi.

Si pesa kidogo. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaosema "utatoa tu vile moyo utakuambia". Getini Marangu moyo umechoka na mfuko umekauka. Hiyo 16,000 inafaa iwe kwenye bajeti ya chama tangu mwezi wa kwanza, kando ya nauli na ada ya hifadhi. Kama haiwezekani, ongeeni na kampuni mapema kuhusu ukubwa wa timu na kiasi mtakachoweza, kuliko kumshtua mtu siku ya mwisho.

Kuna shirika pale Moshi linaloitwa Kilimanjaro Porters Assistance Project ambalo limekuwa likishughulikia maslahi ya wapagazi kwa miaka mingi. Ushauri wake mkuu kuhusu bakshishi hauhitaji teknolojia yoyote: kiasi cha kila mtu kijulikane na kila mtu. Yaani timu nzima ikiwa imesimama, mmoja wenu anasoma: wagumu kila mmoja hiki, mpishi hiki, wasaidizi hiki, kiongozi hiki. Baada ya kusoma kwa sauti, hata mkikabidhi pesa kwa mtu mmoja, kila mmoja anajua chake. Walimu wetu wangefanya hivyo, mwalimu asingekosa jibu.

Simu au noti?

Sisi ni watu wa pesa za simu na tungependa kukuambia utume kila kitu kwa simu. Lakini kwa bakshishi za nje ya nchi, mara nyingi noti zinashinda, na ni afadhali uambiwe hivyo na sisi.

Sababu ya kwanza ni ya kutolea. Huku kwetu tunasema "weka na ya kutoa", na Tanzania utasikia "tuma na ya kutolea". Bakshishi ni pesa ndogo, na ada huuma pesa ndogo kuliko kubwa. Chukua mfano wa hapa nyumbani. Kwa viwango vya M-PESA tunavyovijua wakati wa kuandika, kumtumia mtu hadi shilingi 100 ni bure, lakini ukituma 150 unalipa 7. Yeye akienda kwa wakala kutoa 100 anakatwa 11, na kutoa 150 anakatwa 29. Kwa hiyo mhudumu uliyemtumia 150 anabaki na 121, na yule wa 100 anabaki na 89. Ulitoa 57 zaidi mfukoni mwako ili yeye aongezewe 32. Akiitumia bila kuitoa, kwa mfano kununua kitu dukani kwa simu, hasara hiyo inapungua. Hata hivyo noti ya 100 ingebaki 100.

Kutuma nje ya mpaka kunaongeza mambo mawili: ada ya kimataifa, na kiwango cha kubadilisha fedha. Kutoka Kenya unaweza kutuma kwenda simu za Tanzania na Uganda, na kabla ya kuweka PIN utaonyeshwa mwenzako atapokea kiasi gani kwa pesa za kwao. Soma hapo. Watu wengi huruka ujumbe huo kama wanavyoruka masharti na vigezo. Kama ni lazima kutuma, zikusanyeni mtume mara moja badala ya mara 20, na hapo mnarudi palepale: nani anapokea, na wengine wamesikia kiasi?

Sababu ya pili ni mtandao na betri. Mlimani baridi humaliza chaji, na kuna sehemu ambazo simu haishiki. Laini yako ya Kenya pia inahitaji kuwa imefunguliwa huduma ya kutumika nje kabla hujaondoka, vinginevyo menyu ya pesa haifunguki kabisa. Na ukiwa Moshi na salio kwenye laini ya Kenya, usitegemee kwamba wakala wa pale atakutolea noti. Mtandao wa mawakala wa kule unahudumia akaunti za kule.

Sababu ya tatu watu huisema kwa sauti ya chini. Ukimtumia mtu pesa kwa namba yake binafsi, jina lako na namba yako vinabaki kwake. Wateja wetu wa kike wametuambia kuhusu simu za saa nne usiku, "niaje, ni yule wa boti". Wengi wa wanaopokea ni watu waungwana kabisa, lakini huna wajibu wa kumwachia kila mtu uliyekutana naye likizoni namba yako ya simu. Noti haina jina.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kuvuka. Badilisha fedha zako kwenye benki au duka lenye leseni, si kwa vijana wa mpakani, na uombe noti ndogo. Noti kubwa kabisa ya Tanzania ni ya 10,000, ambayo ni kama 500 zetu. Ya 2,000 ni kama 100. Uganda inadanganya macho zaidi: noti ya 1,000 inaonekana ya maana, kumbe ni kama bob 35. Tumewahi kumsikia mtu akijisifu kuwa alimwachia mhudumu wa Kampala "elfu nzima". Sawa.

Usibebe dola ukidhani zina heshima zaidi. Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2025 zinazokataza bidhaa na huduma za ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni, na hata kabla ya hapo dola moja iliyokunjwa ilikuwa usumbufu kwa mpagazi, maana anatakiwa kutafuta pa kuibadilisha.

Na ile till iliyobandikwa mezani, iwe Wote au Kampala? Hiyo kwa kawaida ni ya mwenye biashara. Ukiongeza 200 juu ya bili ukalipa kwa pamoja, 200 hiyo imeingia kwenye akaunti ya tajiri, na mhudumu atategemea kumbukumbu yake na nia njema ya tajiri. Lipa bili pekee kwenye till, bakshishi itoe kando. Tukiulizwa ni kosa gani moja tungependa wateja wetu waache, ni hilo.

Adabu ya kutoa

Zanzibar na Pwani pesa haitupwi mezani kama karata. Inawekwa mkononi, mkono wa kulia, ikiwa imekunjwa, na neno moja: "Ahsante sana kaka, ya maji hiyo." Kama aliyekuhudumia ni mzee, nahodha wa dau labda, au bibi aliyekutembeza kwenye shamba la viungo, anza na shikamoo kabla ya kutoa chochote, halafu useme, "Mzee, naomba upokee hiki kidogo." Pesa ile ile, bila maneno hayo, inaweza kumfanya ajione ombaomba.

Usimpe pesa mtu aliyekukaribisha nyumbani kwake. Kama rafiki wa Tanga amekulaza siku mbili, ukimwachia noti chini ya kikombe umemkosea. Peleka zawadi: sukari, majani ya chai, kitu cha watoto. Tungesema maembe ya Makueni, ila matunda mabichi yana masharti yake mpakani, uliza kabla hujajaza kikapu.

Na usisubiri mtu aombe. Lakini pia si kila anayeomba anastahili. Kijana aliyekushikia begi kwa nguvu stendi ya basi hukumwajiri. Mwambie ahsante kwa upole, shika begi lako.

Chai ya mpakani si bakshishi

Sisi Wakenya neno "chai" limetuponza. Tunalitumia kwa ya weita na kwa ya afisa, mpaka mtu anafika mpakani anatoa zote mbili kwa mkono mmoja. Ofisa wa uhamiaji, wa forodha, wa afya au polisi anafanya kazi ya umma. Ukimpa pesa ili akuharakishe au afumbe macho, hiyo ni hongo, Kenya chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, na Tanzania chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya 2007. Anayetoa na anayepokea wote wana kesi.

Kipimo chetu ni risiti na wakati. Kama ni ada halali, kuna risiti. Kama ni bakshishi, inakuja baada ya huduma na huduma ingekuja hata bila hiyo. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi ili pasipoti igongwe muhuri, kataa na uombe risiti. Kenya unaweza kupiga simu EACC, 1551, na Tanzania TAKUKURU, 113. Kumbuka pia kwamba muamala wa simu unabaki kwenye rekodi ukiwa na jina lako.

Ukienda mbali zaidi

Marekani ni hadithi nyingine. Sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, ingawa majimbo mengi yanadai zaidi. Mteja ndiye anayemlipa sehemu kubwa ya mshahara. Ndiyo maana ukienda kumwona mwanao Texas akakupeleka kula, atakuongezea asilimia 15 hadi 20 bila kufikiri, na ukimzuia kwa sababu "ni pesa nyingi sana" unamtia aibu. Mwachie.

Uingereza kuna sheria iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2024 inayomlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi zote bila kukata kitu, hata zile zilizolipwa kwa kadi. Ufaransa huduma imo ndani ya bei, unaacha sarafu ukipenda. Japani usiache kabisa, mhudumu anaweza kukukimbilia nje akidhani umesahau chenji yako.

Kwenu mnaopokea

Wasomaji wetu wengi wako upande ule mwingine. Vijana wa Makueni wanahudumia hotelini Diani, Nairobi, Dubai na Doha, na bakshishi ndiyo inayolipa karo ya mdogo wao hapa Wote. Mgeni akisema atakutumia, mtajie namba polepole, na mwombe akusomee jina linalotokea kabla muamala haujakamilika. Jina likiwa si lako, aache hapo hapo. Ikishaenda pabaya, ni yeye aliyetuma anayeweza kuomba irudishwe, si wewe, na akiwa amesharuka kwenda kwao hilo halitafanyika.

Halafu subiri ujumbe wa kwenye simu yako mwenyewe, siyo picha ya skrini yake. Kuna watu wanaoonyesha ujumbe bandia wa "nimekutumia 2,000" na kuomba uwarudishie 1,500 kwa noti kwa sababu "nimekosea kiasi". Usirudishe kitu kabla hujaangalia salio. Kama ni kweli amekosea, kuna utaratibu. Kwa mtumiaji wa M-PESA, aliyetuma anapeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456, na pesa inarudi kwa njia hiyo bila noti yako hata moja kuhusika.